Siku Mwene Aliposhuka Kigodani

Sisi tuliokalia matofali darasani pale Sumbawanga, historia hatukuisoma kwenye simu. Tuliigiza! Mwalimu wetu wa darasa la nne, mama mkali aliyependa mambo ya Ufipa kuliko chakula, alitufundisha kwamba Mwene, yaani mfalme wetu wa zamani, hasalimiwi hivi hivi. Unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, unasubiri. Asipojibu, unaendelea tu, hata mikono ichubuke.

Mimi nikachaguliwa kuwa Mwene, eti sauti yangu inafika Laela, mji wa mbali kule. Ahadi ilikuwa hii: igizo likienda vizuri mbele ya wazazi, darasa zima linapelekwa Milanzi kuona palipokuwa ikulu ya Mwene. Likiharibika, hakuna safari. Wiki nzima wenzangu walinibembeleza kama yai. Mmoja alinipa hata mhindi wake wa kuchoma, na huyo alikuwa mchoyo, sijapata kuona.

Siku ikafika. Nikakaa kwenye kigoda, blanketi la bibi mabegani, jasho linanitiririka. Kazi yangu ilikuwa kukunja uso na kusema, "Inukeni." Wanafunzi wakapiga magoti. Mwalimu akawaashiria na wazazi washiriki. Kutupa jicho mstari wa mbele, namwona baba yangu, mtu ambaye nyumbani hatukuthubutu kupita mbele yake bila kuinama, yuko chini ananipigia makofi!

Jamani, ufalme uliniishia palepale. Nilishuka mbio, nikapiga magoti mbele yake: "Shikamoo, baba!"

"Marahaba," akajibu kwa mazoea.

Watu walicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Safari ikafutwa, na wenzangu wakaninunia mpaka likizo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, baba alinichukua kwa miguu hadi Milanzi, sisi wawili tu. Tulikuta miti na nyasi, basi, lakini nilifurahi kupita kiasi.

Juzi mwanangu naye kaigiza Mwene shuleni kwao. Nikapiga magoti na wazazi wenzangu, magoti yenyewe haya yanayolia. Akanitazama kutoka juu, wala hakutikisika: "Mzee, piga makofi vizuri, tunarekodiwa."

Nikapiga. Aliigiza vizuri sana, kila mtu alimsifu. Mimi nilikuwa namtazama tu, natamani akosee.