Mkono wa Sajini

Sajini anayetunza bunduki pale kituoni huja hotelini kwangu hapa Kaplong kila alasiri, akinuka mafuta ya bunduki. Anaegemea ukuta, anapuliza chai mpaka inapoa, halafu analalamika. "Huku kwa majani chai, Mama Nyatichi, ukigeuka tu, chuma kimeshika kutu." Akinyamaza, mkono wake wa kulia unakoki bunduki isiyokuwepo: juu, nyuma, mbele, chini. Wateja walishazoea, nami nimechoka kuutazama.

Jana vijana wa kikosi maalum walipita na bunduki zao mpya za G3. Nikamuuliza mbona wanazipenda hivyo.

"Ukishikilia kifyatulio, inaendelea kupiga yenyewe. Hii yetu tuliyoachiwa na mzungu, kila risasi lazima ukoki tena."

"Basi hiyo mpya ndiyo bora."

"Kwa vita, ndiyo." Akasugua bega. "Lakini ukikoki, kuna nafasi kidogo. Mtu anaweza kuinua mikono, ukamwona."

"Na yule mwizi wa ng'ombe uliyemuua kule Chepilat, Afande, aliinua?"

"Aliinua. Nikamwona."

Mkono wake ukaenda juu, nyuma, mbele, ukashuka polepole mezani, kando ya chai iliyopoa.