Bi Pasi na Gauni la Kijani

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, na wanafunzi wa chuo wamembandika jina la Bi Pasi. Kwake haitoki nguo bila kufuliwa na kupigwa pasi, hata kama umempelekea kifungo kimoja tu akishikize. Mama yake alikuwa dobi. Alimlea pembeni ya beseni la povu na kumfundisha kwamba nguo ya mtu ikirudi chafu, aibu ni ya aliyeirudisha. Mke wa mwanawe akisikia mama mkwe anakuja kuwatembelea, huficha mapazia.

Mimi natoa fotokopi na kuuza kalamu, na milango yetu yote miwili inatazama geti la chuo. Namtania mama huyu kutwa nzima, lakini moyoni namhusudu. Sijaona mtu anayeipenda kazi yake hivyo. Ukimsemesha akiwa mashineni atakujibu na pini zake mdomoni, uelewe usielewe.

Kila mwaka chuo hufanya tamasha la tamaduni. Wanafunzi waliotoka pande zote za dunia husimamisha mahema uwanjani, na kila kundi hupika chakula cha kwao, huvaa mavazi ya kwao na kupiga muziki wa kwao. Juma la kabla yake, kwa Bi Pasi hapana pa kukanyaga. Huletwa makoti ya kufungwa mpaka kidevuni, sketi za marinda, na vitambaa virefu visivyo na mshono hata mmoja ambavyo wenyewe huapa kwamba ni nguo kamili.

Mwaka huu alikuja binti mpole anayesomea uuguzi, kakumbatia gauni la kijani lenye tarizi kifuani. Pindo lilikuwa limefumuka.

"Shangazi, naomba unishonee hapa tu. Nataka kulivaa kwenye tamasha. Ni la mama."

"Lete, mwanangu. Kesho utalikuta linang'aa."

Likang'aa kweli. Kwenye mkono wa kulia wa gauni palikuwa na doa la manjano la siku nyingi, na Bi Pasi alipambana nalo kwa limau, chumvi, sabuni ya kipande na jua la asubuhi. Nikamsikia akipiga kelele upande wa pili wa ukuta, "Jirani, njoo uone! Limesalimu amri!" Nikaenda, nikatazama, nikamsifu. Ilikuwa kazi ya kusifiwa.

Binti alipokuja hakulitazama pindo. Aliushika ule mkono wa gauni, akaugeuza huku na huku.

"Shangazi, doa liko wapi?"

"Nimelitoa! Lilikuwa kaidi, lakini limekutana na mkaidi mwenzake."

Binti akaketi kwenye benchi. Akaeleza taratibu kwamba mama yake akipika kwa haraka alikuwa akifutia vidole pale, na bibi akimgombeza kila mara. Mama mwenyewe alifariki mwaka jana. Picha zake anazo, lakini lile doa ndilo lililokuwa alama ya mkono wake.

Hakufoka, na afadhali angefoka. Alilikunja gauni, akashukuru, akaenda zake. Bi Pasi akazitoa pini mdomoni moja moja.

"Jirani," akasema, "nimemfulia mtoto wa watu mama yake."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu ambaye tayari analia.

Siku ya tamasha nilidhani atajifungia ndani. Wapi! Alifunga duka, akajitanda khanga mpya, akaja kunigongea. "Twende. Nikimkwepa leo, nitamkwepa mpaka lini?"

Uwanja ulikuwa umechangamka kupita kiasi. Kwenye hema la kwanza nilionja mchuzi uliowaka pilipili hata nikaomba maji kwa ishara za mikono. Hema la pili walinipa mkate mwembamba, laini kama leso, na samaki wa kuchacha ambaye nilimwogopa kwanza, kisha nikamrudia. Vijana wengine walikuwa wakipiga ala ya nyuzi mbili tu, na nyuzi hizo mbili zilinisimamisha nywele. Mcheza kwao hutunzwa, lakini pale hata mimi niliyecheza ya wenzangu nilipigiwa makofi. Bi Pasi naye alikuwa akiinama kwenye mapindo ya watu asiowajua na kuyapindua. "Huu mshono wa mkono! Mama yangu, fundi wa kwenu ana macho mangapi?" Wenyewe walicheka, wakageuka aone na mgongoni.

Kwenye hema la yule binti, Bi Pasi aliyaacha mapindo ya watu. Binti alikuwa amevaa gauni la kijani, anakoroga sufuria, na foleni ya watu ilikuwa ndefu.

"Mwanangu, sikuja kujitetea," Bi Pasi akasema. "Nilikukosea. Nipe kazi."

Binti akamsogezea vitunguu na kisu. Wakafanya kazi bega kwa bega. Watu walipozidi, binti akageuka upesi kuchukua sahani na, bila kufikiri, akafutia vidole kwenye mkono wa gauni. Sote watatu tuliona. Mkono wa Bi Pasi ukaruka wenyewe kufuata kitambaa cha maji, akaushika kwa mkono mwingine, akaurudisha kwenye vitunguu. Binti akaendelea kupakua. Tulirudi nyumbani bila kujua kama amesamehewa.

Jumatatu binti akaja dukani na lile gauni. Pindo lilikuwa limefumuka upande wa pili kwa kucheza ngoma. Hakuliweka mezani kama wateja wengine. Alimkabidhi Bi Pasi mikononi.

"Hapa tu, Shangazi," akasema.

Bi Pasi akashona palepale, binti akisubiri benchini. Alipomaliza, pasi ilikuwa ya moto karibu yake na hakuigusa. Akalikunja gauni na vumbi lake la uwanjani, na doa jipya la mchuzi kwenye mkono wake, akampa mwenyewe. Ndiyo nguo pekee niliyowahi kuiona ikitoka kwake chafu, na aliisindikiza kwa macho mpaka ikaingia getini.