Taa Niliyomchagulia Mwalimu Saada

Mimi ni fundi wa umeme, Nalufenya, Jinja. Mnicheke, lakini taratibu.

Vita vilipokwisha, Mwalimu Saada wa Mbale alikuta maabara ya shule yake imeporwa hadi swichi za ukutani. Hakukaa akalia. Alimwomba dereva wa lori, Mkenya, amletee mwani hai na maji ya bahari kutoka Mombasa, akautunza katika tangi la kioo lisilozidi sanduku la nguo, ili wanafunzi wasiowahi kuiona bahari wapate kujifunza. Mpaka leo namvulia kofia.

Akaniita nimfungie taa. "Fundi, nataka nyeupe, isiyo na moto mwingi."

"Mwalimu, mambo ya mwanga niachie mimi," nikamjibu, nikafunga balbu kubwa ya manjano, ile ya kulelea vifaranga.

Baada ya mwezi nilirudi, nikakuta tangi zima limekuwa la kijani. Kifua kikanijaa. Nikawageukia wanafunzi. "Mnaona mwani ulivyostawi? Hiyo ndiyo taa!"

Mwalimu alisubiri nimalize hotuba yangu yote, kisha akanionyesha chupa pembeni, chini ya taa nyeupe ya tyubu aliyoitafuta mwenyewe. Ndani mlikuwa na kijimea kimoja chekundu, kidogo kama kidole.

"Bwana fundi," akasema kwa upole, "mwani wetu ni huu mwekundu. Niliuokoa kidogo kabla joto la taa yako halijauua wote. Hicho unachokisifu ni uchafu, tulikuwa tunangoja tangi lipoe tukisugue."

Ndipo nikaona kila mwanafunzi ameshika brashi.