Ndago za Fungu la Saba

Mzee Feliksi hakupita jani lililosimama bila kulivingirisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akihisi kona tatu alisema "ndago" na kuendelea na safari. Likiwa la mviringo aliliachia bila neno. Alifanya hivyo msibani, akafanya hivyo uani kwa wakwe zake, na siku moja benki alikutwa akivingirisha kalamu iliyofungwa kwa kamba, mpaka karani akamwambia, "Mzee, hiyo haioti."

Kwa ajili ya vidole hivyo Zuhra alimpa kazi ya kumkusanyia ndago. Zuhra, mzaliwa wa Kasingirima ya Ujiji, alikuwa mwalimu wa chuo akisomea uzamivu juu ya ndago za milimani. Alitaka kujua jinsi aina moja ilivyogawanyika ikawa nyingi, na jibu alilitafuta ndani ya seli, katika kromosomu, vile vijinyuzi vinavyobeba urithi. Kwenye ndago, kromosomu ikikatika vipande vyake huweza kuendelea kuishi, na mbili huweza kuungana zikawa moja. Ndiyo maana hesabu hubadilika mlima hadi mlima, na baada ya vizazi vingi mmea wa huku hauzaliani tena na wa kule.

Feliksi alilima Mwandiga, lakini kwao ni Manyovu. Huko alipanda mlima asubuhi kabla ya jua kukaza, seli zinapogawanyika kwa wingi, akakata ncha za mizizi na kuzitumbukiza katika spiriti na siki kali. Kwenye karatasi ya kila fungu aliandika mahali lilipoota, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na kujivunia.

Yalikuja mafungu tisa. Chini ya hadubini, katika maabara ya chuo pale Bangwe, manane yalitoa hesabu moja: kromosomu sitini na mbili. Fungu la saba lilitoa hamsini na nane. Zuhra alihesabu mara nne, na mara nne ikawa hamsini na nane.

Hakumwuliza. Alianza kukumbuka. Siku ya fungu la saba mzee alirudi mapema, na viatu vyake vilikuwa vikavu ingawa mlimani ilinyesha. Bonde la nyuma ya nyumba yake lilijaa ndago. Mtu wa miaka sitini na minane, mwenye magoti mabovu, apande mlima wa nini kama anaweza kuchuma mlangoni? Na fungu moja likiwa la uongo, nani ataapa kwa yale manane? Miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja.

Alinyamaza miezi mitatu. Mwishoni mwa miezi hiyo alimtuma Gasper, dereva wa chuo, amfuate kwa mbali.

"Anapanda, dada," Gasper alileta habari. "Mimi ndiye niliyebaki nyuma nikihema. Ila kuna kona moja huwa anainama, anaongea."

"Na nani?"

"Na majani."

Shaka ikapata chakula kipya. Wiki hiyo hiyo Zuhra alikwenda Mwandiga, akamkuta akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na sura ya polisi."

"Fungu la saba ulilichuma wapi?"

"Manyovu. Niliandika."

"Halifanani na mengine."

"Litafananaje?" Hakuacha kupukuchua. "Hilo ni la Marcelina."

Marcelina alikuwa mkewe, marehemu sasa, mtu wa milima ya Heru. Mabinti wa ukoo wao, wakiolewa, hubeba mizizi ya ndago kutoka bonde la mama zao wakaipande ugenini, ili wasije wakamwomba mama mkwe majani ya kusukia mikeka. Marcelina alipanda yake kwenye kona ya kinamasi cha Manyovu, karibu na barabara, na miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyeigusa.

"Mbona hukuniambia?"

"Karatasi yako iliuliza zimeota wapi. Haikuuliza zilikuja na nani."

Zuhra alitoka pale akiona jibu limenyooka mno. Mtu akijua kuwa anafuatwa hupata muda wa kutunga. Bila kumwarifu mzee, alikwenda Heru kwa Catherine, dada wa Marcelina, akachuma kwa mkono wake katika bonde la mama yao. Aliuliza hata habari za viatu.

"Viatu?" Catherine alicheka. "Shemeji huwa anaviacha kwa mwenye duka pale Manyovu, chini ya mlima. Mlima anaupanda pekupeku, ninyi watu wa Ujiji ndio mnaogopa tope."

Aliporudi Bangwe alihesabu tena. Hamsini na nane.

Alirudi Mwandiga na kilo mbili za sukari, akaeleza yote: Gasper, Heru, na jinsi kona ya Marcelina ilivyompa ndago za milima miwili ndani ya kinamasi kimoja. Akaomba waendelee msimu ujao. Feliksi alipokea sukari kwa mikono miwili, akasema yeye alimwona Gasper tangu siku ya kwanza, na akamsindikiza hadi kituoni barabarani bila kukubali wala kukataa.

Kabla ya masika kwisha mzee alifariki, wakamzika Manyovu. Zuhra hakuwa amemwona tena tangu walipoagana kituoni, ambapo mzee alimshika mkono na kumwambia, "Msimu ujao mchukue Gasper, mapafu yatazoea. Na ukimtilia shaka, mwanangu, mwulize siku hiyo hiyo."