Mrija wa Nyanya

Juzi watoto wangu walinipeleka jangwani, kule Chalbi, kusherehekea miaka yangu sabini. Keki ilijaa mchanga, marafiki wakaimba, kisha wakadai hotuba. Nilikuwa nimechoka.

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Moding, tulipomsherehekea nyanya kwa uzee wake. Wageni walizunguka chungu cha pombe ya wimbi iliyonukia moshi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nyanya alikuwa amefumba macho, na mrija haukumtoka mdomoni.

"Mama, nyanya anamaliza pombe yote!" nililalamika. Watu wakacheka.

Sikujua bado kwamba mwenye mrija mdomoni hasumbuliwi kwa maneno.

Pale jangwani niliinua kikombe changu kitupu, nikakiacha mdomoni.

"Ngojeni kwanza," mjukuu wangu akawaambia, "nyanya anakunywa chai."