Dakika Kumi na Tano za Kaka Anselmo

Kaka yangu Anselmo hajawahi kupanda ndege. Nalisema mapema, maana ukimsikia akizungumza utadhani ndiye anayezirusha. Alifundisha jiografia Newala miaka thelathini, akastaafu, wanawe wakamnunulia simu kubwa, na tangu siku hiyo hatujapumua. Humo ndani alikuta mahali panapopima umbali wa kiwanja cha ndege hadi kiwanja. Newala hadi Masasi: kama kilomita sitini, dakika kumi na tano angani. Akamweleza padri, akamweleza muuza maandazi, akatueleza na sisi msibani. Ndege ya kumchukua sijaiona, lakini ndege ya nini? Anselmo ana dakika zake.

Mwezi wa nane binti yangu Sabina akapata mchumba. Kwetu sisi Wamakonde, mtoto ni wa mjomba. Baba yake anaweza kukohoa na kusogeza viti, lakini wageni hawajibiwi mpaka mjomba akae kwenye kiti chake. Washenga wangefika kwangu Masasi saa nne asubuhi, wakitokea Ndanda. Nikampigia Anselmo.

"Kaka, njoo siku moja kabla. Ulale hapa."

"Mama Sabina, nilale Masasi kwa safari ya dakika kumi na tano? Haya, kwa vile ni barabara, nazidisha mara nne. Saa nzima! Nikitoka saa tatu, saa nne nipo."

Mdogo wetu Lameck, mkulima wa korosho kule Mnyambe, ambaye hajawahi kupima kitu zaidi ya gunia, alifika jioni ya kuamkia siku yenyewe, vumbi hadi kwenye kope. Akaomba maji ya kuoga, akala, akalala.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nikapiga simu. Anselmo akasema barabara inatengenezwa, magari yamezuiwa, ila kwa hewa zimebaki kilomita arobaini tu. Ningekuwa karibu naye ningemrushia sufuria.

Saa saba mkubwa wa washenga akasimama. Akasema labda familia haijawa tayari, wao wataangalia kwingine. Nyuma ya pazia nikamsikia Sabina akilia.

Nikamtazama Lameck. Akakung'uta suruali, akaenda kukaa kwenye kile kiti.

"Wageni wetu, tumewasikia, tumepokea."

Basi. Vigelegele vikafika barabarani.

Saa tisa Anselmo akaingia, simu mkononi, na pilau limebaki ukoko.

"Nani amejibu?"

"Lameck."

"Lameck! Na kwake ni mbali kuliko kwangu!"

"Ni mbali, kaka. Ndiyo maana alitoka jana."

Lameck ni mtu wa adabu. Akainuka kumpisha mkubwa wake. Sabina akaja, akampigia Anselmo goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, huku akikiendea kiti.

Sabina akamgeukia mdogo wa Anselmo. "Mjomba Lameck, kaa. Hicho ni chako."

Lameck akakaa. Anselmo akaletewa kigoda cha jikoni. Kicheko nilikuwa nimekiweka tayari tangu saa nne, ila nilipomwona anaizima simu mwenyewe, kikanikwama. Nilimwonea huruma kaka yangu, na hasira haikuisha. Nikampakulia ukoko, akala ameinama, bila kutuambia chochote kiko umbali gani.