Nilivyojifunza skeli ya Ethiopia kwa ukulele ili mjane apate kulia msibani

Wakuu, mwenye kiti akae, mwenye kazi aibe dakika chache za bosi.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Likasi, kule Katanga, miaka ya tisini. Wazee wa kusema "hii ni chai", leteni na vitumbua kabisa.

Kwa wasioijua Likasi ya wakati ule: mji wa shaba, kiwanda kikubwa, na mshahara umegeuka hadithi ya kusimuliana. Umeme unazalishwa Koni, hapo jirani tu, ila ulikuwa unatupita juu ya vichwa kwenda kwa wenye bahati. Sisi tuliona nyaya.

Mimi nilikuwa kijana wa kwaya ya parokia, mtaa wa Panda. Kazi yangu rasmi ilikuwa kutokuwa na kazi. Masista wazungu walipoondoka baada ya maduka kuporwa, mmoja aliacha ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na kwaya ikanikabidhi mimi. Ulikuwa umebaki na nyuzi tatu. Wa nne nikafunga mshipi wa kuvulia samaki, maisha yakaendelea.

Jirani yetu papa Kasongo, fundi wa kiwandani, ujanani alipelekwa kusoma Addis Ababa. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alirudi na cheti na mke, mama Almaz. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu wa mume walishaamua kosa ni la nani, bila hata kikao.

Basi papa Kasongo akashikwa na malaria. Zahanati ilikuwa na kila kitu kasoro dawa. Akafa.

Mama Almaz hakulia.

Labda kwenu hilo ni jambo dogo. Kwetu mjane analia mtaa mzima usikie, anagaagaa, anamwita marehemu kwa majina yake yote. Asipolia, maana yake anajua kilichomuua. Yeye alikaa tu kwenye mkeka, macho makavu, anatazama ukuta. Mawifi wakaanza kupima makabati kwa macho.

Shangazi wa marehemu, tantine Musonda, hakujisumbua kushusha sauti.

"Uyu bibi halie juu ya nini? Iko na kintu anaficha. Tukimaliza kuzika, atoke mu nyumba, arudie kwabo."

Kwabo ni Ethiopia, wakuu. Miaka ambayo hata kwenda Lubumbashi uliaga kama unakwenda vitani. Mpango mzuri sana.

Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki pekee wa mama Almaz, akanivuta pembeni. "Weye unayua kupiga ile kantu yako. Tafuta mwimbo ya kwabo, umupigie. Akisikia ya kwabo, atalia. Kama halie, batamufukuza."

Bahati nzuri marehemu alikuwa ameniazima kaseti ya huko, maandishi yake kwangu ni mapambo matupu. Nikaanika betri juani zipate pumzi, nikasikiliza, nikachagua kitaalamu: wimbo uliosikika wa huzuni kuliko zote. Sauti zinaminyana, zinalalamika. Nikasema huu ni msiba wenyewe.

Skeli yake ni sauti tano tu: do, re bemoli (yaani re iliyoshushwa nusu sauti), fa, sol bemoli, la. Kwenye ukulele ni rahisi mpaka inaudhi. Do ni uzi mtupu, re bemoli ni freti ya kwanza ya uzi huohuo, fa na sol bemoli ziko uzi unaofuata, la ni uzi wa mwisho bila kushika kitu.

Kiukweli shida ilikuwa sikio. Kila nikitoka do, kidole kinakimbilia re, halafu mi, kama tuko kwenye misa. Vidole vyangu vilikuwa vimebatizwa. Nilishinda nyuma ya choo nikivikemea mpaka dada zangu wakauliza kama naharisha.

Kesho yake mchana, kabla ya kuzika, nikaingia kwenye kilio na shati la kwaya na uso wa huzuni. Nikakaa karibu na mkeka, nikapiga.

Mama Almaz akageuza kichwa. Akanitazama. Nikajua dawa imeingia, nikaongeza hisia, nikafumba macho, nikapiga polepole huku machozi yakinilenga mimi mwenyewe.

Nilipofumbua, alikuwa anacheka.

Anacheka, wakuu. Kwenye kilio cha mumewe. Ameziba mdomo kwa kitenge, imeshindikana, mabega yanaruka. Waliotaka kumfukuza kwa kutolia, mimi nimewaletea zawadi nono zaidi. Niliogopa kweli.

Mama aliona kabla ya wengine. Akamrukia, akamfunika kitenge kichwa chote, akamkumbatia na kupaza sauti: "Analia! Mumuache alie, analia!"

Kwa waliokaa nyuma, ilikuwa ni mwili unaotetemeka chini ya kitenge. Akina mama wakadakia, kilio kikalipuka uwanja mzima. Tantine Musonda, mpelelezi wetu, akaanguka chini na kulia kuliko wote. Baada ya mazishi hakuna aliyemgusa mjane wala nyumba. Mimi nikasifiwa kwamba nina kipaji cha misiba.

Baada ya muda nikaenda kumwomba radhi. Akanipa kahawa.

"Ile ni mwimbo ya arusi," akaniambia. "Kwetu zile sauti banaziita anchihoye. Balipiga ile siku tulioana na papa Kasongo. Hakuyua kucheza. Alinikanyanga miguu yote mbili, na hakuacha."

Nikatamani sakafu inimeze.

"Usione haya. Bantu bote baliniletea maiti. Weye uliniletea bwana yangu, muzima, anacheza mubaya."

Akanyanyuka, akafunga dirisha, akafunga mlango. "Piga tena."

Nikapiga, safari hii haraka, mwendo wa arusi. Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka mimi nikashindwa kuendelea, na hakuwepo shangazi hata mmoja wa kushuhudia.

Funzo langu, wakuu: usidhani kinachokuliza wewe ndicho kinachomliza mwenzako. Na mfiwa mwenye macho makavu mwacheni apumue. Atalia akipata nafasi, na huenda msialikwe.

Wajuzi wa muziki nisahihisheni hizo bemoli. Na mliowahi kukaa kwenye msiba ambako machozi yanakaguliwa, uwanja ni wenu.